Siku Nilipopita Barabara Kuu Juu ya Farasi

Miguu yangu ina matege. Nikisimama wima, kuku anapita katikati bila kugusa suruali. Kwetu upande wa miwa hakuna aliyejali jambo hilo, maana mkulima wa miwa anaangaliwa shamba, haangaliwi miguu. Lakini mimi nilioa Malinya, na watu wa Malinya ni watu wa kupiganisha mafahali. Wanamkagua mnyama kuanzia kwato kwenda juu, na binadamu wanamkagua hivyohivyo. Siku ya kwanza nilipoingia kwa wakwe, kaka mkubwa wa mke wangu alinitazama miguu mpaka chai yake ikapoa.

"Shemeji," akasema, "hiyo miguu ni funza walikula?"

"Ni farasi," nikamjibu.

Nyumba nzima ikacheka. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona farasi isipokuwa kwenye picha ya kalenda ukutani.

Nikawaeleza. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya usais, yaani kutunza farasi, katika mji mdogo wa reli huko kusini kwetu, chini ya milima ya Nandi. Wazungu wa mashamba ya pale walipenda farasi kama Malinya wanavyopenda mafahali. Mimi nilifagia mabanda, nikachana manyoya, nikafunga tandiko na lijamu, na alfajiri niliwapanda kuwanyoosha miguu uwanjani. Hayo yote ni kweli tupu. Lakini kicheko hakikuisha, na mimi sikuzaliwa kuchekwa. Nikaongeza moja. Nikasema kwamba nilikuwa napita juu ya farasi katikati ya barabara kuu ya mji ule, na watu wanatoka madukani kunitazama.

Hapo nilidanganya. Naandika wazi kwa sababu sasa ni mzee na sina wa kumwogopa.

Katika mji ule sais hakupanda farasi barabara kuu. Kila jioni tuliwapeleka kunywa maji kwenye birika kubwa la mawe mbele ya stesheni, na uwanja wa farasi ulikuwa mwisho mwingine wa mji. Ukitoka kwenye geti la uwanja ulishuka, ukashika hatamu, ukatembea kwa miguu kando ya mnyama mpaka birikani. Mvua inyeshe, mguu uume, utatembea. Juu ya farasi barabarani alikaa mwenye farasi peke yake. Nilitembea barabara hiyo miaka sita. Kila baraza ya duka naijua kwa hesabu ya nyayo zangu.

Kisha Wazungu wengi wakauza mashamba wakaenda, nami nikarudi nyumbani na buti moja ya mguu wa kulia na nyingine ya mguu wa kulia pia, kwa sababu ndizo zilizobaki.

Kisha miwa ikaja. Wale ambao hawakuziona siku zile hawawezi kuelewa. Kiwanda kilipoanza kunguruma, kila mwenye ardhi alitaka kupanda, na walioogopa waliachwa nyuma. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na hiyo ya pili sikuimaliza. Lakini kung'oa visiki hakuhitaji cheti. Niling'oa kwa mikono yangu na mikono ya mke wangu, tukapanda mpaka ukingo wa mto, na matrekta ya kubeba miwa yakapanga foleni kwangu kama watu wa harusi. Nyumba ya nyasi ikawa ya mabati, ya mabati ikawa ya matofali. Nikajenga nyingine ya kupangisha Shieywe, Kakamega mjini, pale ambapo zamani nilipita nikiuza mboga na mbwa wa karani akanifukuza. Nikanunua pikapu ya bluu. Sijifichi, nilifurahi sana. Mtu aliyetoka chini akisema hakufurahi kupanda, huyo anakudanganya.

Na nikanunua fahali. Nilimlisha vichwa vya miwa mpaka shingo yake ikawa kama gunia la sukari. Mweusi, mtulivu, jicho kama la chifu anayesubiri kusalimiwa. Nilitaka jambo moja tu, fahali huyo aingie uwanja wa Malinya.

Hapo ndipo pesa za miwa hazikusaidia. Malinya fahali haingii uwanjani ovyo kama mlevi. Anatanguliwa na mwenye pembe, mtu wa ukoo wa palepale, anayepuliza na kumwimbia sifa, na nyuma zinakuja ngoma za isukuti na watu na matawi ya miti. Mtu wa kuja kama mimi, hata awe na fahali wa chuma, hana pembe. Kwa wakwe zangu pembe alikuwa nayo mmoja, huyohuyo shemeji aliyeniuliza habari za funza. Ilikuwa pembe ya swala, ya marehemu baba yao, imefungwa ngozi shingoni. Ilipotangulia pembe ile, watu walijua mwenye fahali ni mtu wa neno lake.

Nikaenda na mke wangu kumwomba, kuku wawili mkononi. Mmoja akapikwa. Tulikaa na obusuma, ugali wa kwetu, na ile ingokho, yaani huyo kuku, katikati, shemeji akatafuna firigisi taratibu, akanipima kwa macho.

"Fahali ni mzuri," akasema. "Sina maneno na fahali. Maneno yangu ni na mwenyewe."

"Mwenyewe amefanya nini?"

"Pembe ya baba haitangulii mwongo. Miaka yote hii unatuambianga farasi, barabara kuu, watu wanatoka kwa maduka. Nani aliona? Hata mbwa wako hakuona."

"Mimi si mwongo."

"Basi nionyeshe. Siku nitaona kwa macho yangu haya unapita hiyo barabara yako juu ya farasi, nitatangulia fahali yako kutoka hapa mpaka uwanjani. Na nitaimba, na nitacheza."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, fahali ikae huko kwa miwa ikule majani. Na wewe utasimama mbele ya wazee useme ni funza."

Wazee waliokuwa pale wakagonga fimbo chini. Neno likafungwa. Nilimtazama mke wangu nikidhani atanitetea.

"Mimi sikuolewa na farasi," akasema. "Lakini, baba watoto, nenda umalize hii maneno. Nimechoka kusikia farasi na sijaona hata mkia."

Mji ule ulikuwa na siku yake ya mbio za farasi kila mwaka baada ya masika. Wazungu walipopungua, Wahindi wenye mashamba na Waafrika wenye vyeo waliishika wakaiendeleza. Basi siku hiyo ilipofika tukapanda pikapu, mimi kwenye usukani, mke wangu katikati, shemeji mlangoni na koti lake la Pasaka na mfuko wa kitambaa magotini. Nyuma niliweka mzigo wa miwa ya kutafuna njiani. Mtu wa miwa hasafiri mikono mitupu.

"Ndani ya mfuko kuna nini?" nikamuuliza tulipoanza kuteremka kuelekea Kisumu.

"Pembe."

"Ya nini?"

"Ya kutangaza ukianguka. Nitaipuliza mpaka Malinya wasikie."

Mke wangu akacheka mpaka akajifunika leso. Mimi nikakanyaga mafuta.

Mji ulikuwa vilevile, mdogo zaidi kidogo kuliko nilivyoukumbuka. Stesheni ya mawe na saa yake iliyosimama. Maduka ya Wahindi yenye baraza ndefu za mbao. Kanisa dogo lenye ukoka umekatwa kama nywele za askari. Kwenye kila nguzo ya baraza kulikuwa bado na pete ya chuma ya kufungia farasi, na ngazi ya duka la mkate ilikuwa imelika upande mmoja kwa kwato za miaka mingi. Shemeji aliinama akaishika ile ngazi. Kisha akaenda kwenye birika la mawe, akaingiza mkono majini.

"Farasi walikuwa wengi hapa kweli," akasema, na nilisikia sauti yake imepunguza kiburi.

"Mimi ndiye niliyewaleta kunywa hapa. Kila jioni."

"Ukiwa juu ama ukiwa chini?"

Nilijifanya naangalia saa ya stesheni, ile iliyosimama.

Kwenye mabanda ya farasi nilimkuta mwenzangu wa zamani, Mnandi mmoja mrefu tuliyelala chumba kimoja siku zile. Sasa alikuwa mkubwa wa masais wote, nywele nyeupe kama pamba. Aliponiona aliangusha ndoo.

"Wewe! Kumbe hawajakuzika!"

"Wanizike vipi na miwa haijavunwa?"

Tukakumbatiana, tukapigana mgongo. Kabla sijapata nafasi ya kumvuta kando, shemeji akaingia katikati na swali lake, kama mtu anayerusha mkuki.

"Mzee, tafadhali. Huyu shemeji yangu anasema alikuwa anapita barabara kuu juu ya farasi. Ni kweli?"

Mwenzangu akacheka kwa roho nyeupe kabisa. "Barabara kuu? Hapana, hapana. Hakuna sais aliyepanda barabara kuu. Ungefukuzwa siku hiyohiyo. Tulikuwa tunatembea, bwana. Uliza hizi nyayo zangu."

Nyama yote ya uso wangu ikaanguka. Mke wangu alinitazama, na mtazamo huo ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Shemeji hakucheka. Akafungua mfuko, akaichungulia pembe, akaufunga.

"Funza," akasema polepole.

Nikamgeukia mwenzangu nikamwambia ukweli wote papo hapo, mke wangu na shemeji wakisikia. Kwamba nilitunza farasi, kwamba nilipanda uwanjani, na kwamba lile la barabara nililiongeza mwenyewe kwa sababu ya kuchekwa. Nikamwomba farasi nipite naye barabarani mara moja tu.

Akakuna kichwa. "Siku hizi hakuna anayekataza. Lakini farasi si wangu. Mimi naweza kukupa mmoja kwenye mbio za masais tu, mwisho wa siku, ndani ya uwanja. Hizo ni desturi yetu, kila aliyewahi kuwa sais hapa anaruhusiwa."

"Uwanja si barabara," shemeji akasema.

"Nitapanda uwanjani," nikasema. "Angalau mke wangu aone mkia."

Farasi niliyepewa alikuwa jike mzee, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limechanika. "Akianza ni mzuri," mwenzangu akaniambia. "Shida yake ni kuanza."

Shemeji, kwa tabia ya watu wa mafahali, alimwendea kutoka nyuma huku akimsifu kwa sauti kubwa. "Weee, mama wa milima! Weee, mwenye kiuno!" Kwato ilipita karibu na kitovu chake. Masais wakampigia kelele asipite nyuma na asipige kelele, farasi si ng'ombe. Akaruka pembeni akishika koti la Pasaka, macho yamemtoka. Mimi nikaenda kwenye pikapu, nikamenya muwa, nikaukatakata, nikampa yule jike vipande kwenye kiganja kilichonyooshwa. Akala. Akanisukuma kifua kwa pua akitaka kingine. Nikajua tumeelewana.

Kupanda nilipanda vizuri. Mguu kwenye kikuku cha tandiko, mwili juu, na hapo ndipo matege yangu yalipopata kwao. Miguu iliukumbatia ubavu wa farasi kama ilivyoukumbatia zamani. Chini duniani nachechemea. Pale juu sikuwa na kasoro. Kando ya kamba nilimwona mke wangu ameweka mkono mdomoni.

Tulikuwa wanane kwenye mstari. Bendera ikashuka, saba wakaondoka. Wangu akasimama.

Nikambana kwa visigino. Akasimama. Nikampigia ulimi. Akageuza lile sikio lililochanika akanisikiliza kwa heshima, akabaki pale alipo. Watu wakaanza kucheka, kwanza upande wa viti, halafu uwanja mzima, na mwenye kipaza sauti akasema jambo lililowafanya wacheke zaidi. Wale saba walikuwa wamefika mbali, vumbi tu.

Sasa nataka mwelewe jambo moja. Malinya, fahali akiingia uwanjani akasimama bila kuamua, watu wake hawamwachi. Wanampulizia pembe na kumwita kwa majina ya sifa mpaka damu imchemke. Shemeji alikuja kunieleza baadaye kwamba alisahau kiapo, akasahau funza, akasahau hata kwato iliyotaka kumtoboa. Aliona tu mnyama wa nyumbani amesimama katikati ya uwanja wa wageni na wageni wanacheka. Mkono ukaingia wenyewe kwenye mfuko.

Pembe ililia.

Mji ule ulikuwa umesikia tarumbeta na kengele na filimbi ya treni, lakini kitu kama kile haujawahi kukisikia. Yule jike aliinuka mbele, akashuka, akaondoka. Alitoka shoti kama mzigo wa miwa uliokatika kamba mteremkoni. Kofia yangu ikabaki. Tukampita wa kwanza, tukampita wa pili, wa tatu akajiondoa mwenyewe njiani. Nyuma yangu pembe bado inalia, na juu yake sauti ya shemeji: "Songa, mwenye kiuno! Songa, mtoto wa baba!" Kwenye kona ya mwisho alikuwa amebaki mmoja tu mbele yetu, na mstari ulipofika alikuwa bado mbele kwa urefu wa shingo. Nilikuwa wa pili. Nasema wa pili, sisemi wa kwanza, kwa sababu nimeacha kuongeza.

Lakini jike hakujua mambo ya mstari. Pale mwisho geti lilikuwa wazi, na kupita geti ni njia aliyoifuata kila jioni ya maisha yake, njia ya maji. Akapita.

Nilivuta hatamu kwa nguvu zangu zote. Akanyoosha shingo akaendelea. Kwato zikaanza kugonga lami, na ule mlio nikautambua, nikainua macho. Kushoto duka la mkate. Kulia duka la vitambaa. Nilikuwa katikati ya barabara kuu.

Nikaacha kuvuta. Nikakaa wima, mkono mmoja kwenye paja, kama nilivyowaona wenye farasi wakikaa miaka sita nikiwa kando yao na vumbi mdomoni. Fundi wa nguo akatoka na utepe wake shingoni. Kinyozi akatoka, na mteja wake akatoka nyuma yake, nusu ya shavu povu. Mama wa mkate akatoka akisema Yesu wangu. Watu wote wa baraza zile walitoka madukani kunitazama, sawasawa na nilivyosema Malinya, pengine wakiwa wengi zaidi. Niliwapita wote. Machozi yalikuwa yananitoka, na sisingizii upepo.

Jike alisimama mwenyewe kwenye birika, akashusha kichwa, akanywa.

Shemeji alifika mbio, pembe mkononi, koti limefunguka, na nyuma yake mke wangu, viatu mkononi. Walisimama wakihema.

"Shuka," shemeji akasema.

"Sishuki. Umeona ama hukuona?"

"Nimeona."

"Sema vizuri, hawa watu wa stesheni wasikie."

Akanitazama miguu kama siku ile ya kwanza, jinsi ilivyoshika ubavu wa farasi bila nafasi ya hata sindano kupita. Akavua kofia.

"Ni farasi," akasema.

"Lakini umesikia mwenyewe kwamba siku ile nilidanganya."

"Mimi niliapa nitaona. Sikuapa utapita lini. Kiapo ni kiapo, shemeji."

Mke wangu alikuwa ameushika mkia wa farasi kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayepima kitambaa dukani. Kwa bahati jike alikuwa na kiu mno kumpiga teke. "Kumbe ndio huu," akasema.

Jumamosi iliyofuata, jua likichomoza, fahali wangu aliingia uwanja wa Malinya. Ukungu ulikuwa bado mabondeni, watu wamejaa mpaka juu ya miti, wengine wametoka mbali, upande wa msitu kule Isecheno. Isukuti zilikuwa zinalia, na mbele ya fahali, mbele ya wote, shemeji yangu alikuwa anarudi kinyumenyume akicheza, matawi kiunoni, akipuliza pembe ya baba yake. Mimi nilitembea kando ya fahali wangu na fimbo yangu na matege yangu, na siku hiyo niliyatanua kidogo kusudi. Yule fahali mwingine alikuwa mkubwa. Waligongana vichwa mara mbili, mara ya tatu ikawa ya kusukumana, wangu akaingiza ile shingo ya gunia la sukari chini, akainua. Yule mwingine akageuka akakimbia, watu wakakimbia naye, na mimi nikabebwa mabegani.

Wazee wa pale walimuuliza shemeji kwa nini alikubali kutangulia fahali wa mtu wa miwa. Akasimama katikati yao akawasimulia. Katika hadithi yake nilikuwa wa kwanza. Siku ya mazishi ya jirani aliisimulia tena, na tukawa farasi kumi na wawili. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeruka birika. Mara ya mwisho nilipomsikia, mbele ya wajukuu, treni ilikuwa inaingia stesheni na mimi nikairuka, na dereva akavua kofia.

Mjukuu mmoja akanigeukia. "Kuka, ni kweli?"

Nikamtazama shemeji. Pembe ilikuwa inaning'inia ukutani nyuma ya kichwa chake.

"Barabara ni kweli," nikasema. "Hayo ya treni muulize mwenye pembe."